Picha ya Kumrudisha Shemeji Nyumbani

Wako watu wanaonitembelea siku hizi kuniuliza kama ni kweli marehemu mume wangu alikuwa mwelekezi wa filamu, wa kwanza kabisa katika nchi ya chai. Nawapa kiti, nawapa uji, halafu nawauliza: filamu gani? Mliiona wapi? Wananyamaza. Basi nyamazeni kabisa, nawaambia, kwa sababu mimi nilikuwepo, na nilichokiona kwa macho yangu haya ni shimo.

Nitaanza na shemeji yangu, maana habari hii ni yake, ingawa mume wangu aliinyakua ikawa ya kwake. Shemeji alikuwa mdogo wa mume wangu, tumbo moja. Alitufuata Kericho kutoka kwetu kando ya ziwa akiwa kijana bado hajaoa, akaandikwa kazi ya kupasua kuni za kiwanda. Sisi watu wa ziwa tumezoea joto. Kericho mvua inanyesha kila alasiri, na mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mwaka wake wa pili kichomi kilimshika Jumatatu, na Alhamisi akawa hayupo. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepelekwa shamba la ng'ambo ya mto kupanda miche. Tuliporudi tulikuta ameshazikwa na watu wa kampuni nyuma ya msitu wa kuni, pamoja na wengine waliokufa mwezi ule. Hakuna msalaba, hakuna jiwe. Tulimwuliza nyapara ni tuta lipi, akatuonyesha matatu, akasema ni moja kati ya hayo. Baada ya mvua za miezi michache hata hayo matatu hayakuonekana.

Kwetu Wajaluo mtu huzikwa nyumbani kwao. Hilo halina mjadala. Na mwili ukipotea, labda ziwa limemchukua mtu wala halikumrudisha, tunazika yago, lile tunda refu zito la mti wa mvungunya. Tunalivika shuka, tunalililia kwa jina la marehemu, tunalilaza upande wa kulia anavyolazwa mwanaume. Kuanzia hapo mtu amezikwa, na mambo yake yamekwisha. Hazikwi tena. Mama mkwe wangu alichuma yago siku ile ile alipopata habari. Akafyeka mahali kando ya nyumba yake, akapafagia, akakataza mtu kupanda hata boga pale. Alichongoja ni kitu kimoja tu, kaka wa marehemu aje apige jembe la kwanza.

Kaka wa marehemu alikuwa na shughuli. Mwanzoni sikumlaumu, maana meneja alimnyima ruhusa mara mbili. Mara ya tatu ruhusa ilitolewa, na mume wangu hakwenda. Alisema ana Jumapili nne muhimu sana. Nikamwuliza muhimu kuliko mama yako? Akanijibu kwamba sielewi.

Mambo yalianzia kwa bwana mdogo, Mzungu kijana aliyekuwa msaidizi wa meneja. Alikuwa na mashine ya sinema. Mara moja kwa mwezi, giza likianza kuingia, shuka lilitundikwa kwenye ukuta wa kiwanda na sisi wa laini zote, zile safu za nyumba za wafanyakazi, tulikuja kutazama. Picha zilikuwa bubu. Kulikuwa na picha ya kuchimba choo, picha ya minyoo, picha ya askari wa mfalme wakitembea huko Ulaya. Mume wangu ndiye aliyesimama kando ya shuka na fimbo, akieleza kwa Kiswahili, halafu kwa Kijaluo. Alikuwa na mdomo yule mtu! Choo alikieleza mpaka wanawake wakafuta machozi. Watu walianza kumwita mwalimu, na sifa zikampanda kichwani.

Alianza kuuliza: mbona sisi hatumo? Mbona hakuna picha ya mtu aliyetoka ziwani kwa miguu akaja kuchuma majani? Akaamua ataitengeneza yeye. Mbao nyembamba za masanduku ya chai yaliyovunjika alizibeba nyumbani, akachora kwa mkaa, kila ubao picha moja. Wanaume wakiaga. Wanaume wakipanda mlima na vifurushi. Kipande cha serikali shingoni, kile cheti cha kazi. Kijana akikohoa kando ya rundo la kuni. Na ubao wa mwisho: mama amesimama langoni, na watu wanne wanaingia wamembeba mwanawe. Nilipouona ule wa mwisho niliketi chini nikalia, sikatai. Mbao zilijaa nyumbani mpaka tukawa tunalala tumekunja miguu.

Kila Jumapili baada ya ibada aliwakusanya watu kwenye uwanda mmoja karibu na kijito, mahali ambapo kampuni ilikuwa imefyeka lakini haijapanda. Alijenga boma la uongo, vibanda viwili vya nyasi na lango la miti. Alishika fremu ya mianzi mbele ya jicho, ndiyo kamera yake, akawa anafoka. "Wewe, usitazame huku! Mtu anayeaga mama yake hatazami huku!" Mimi alinifanya mwombolezaji. Aliniambia atanitazama tu, hatasema neno, na akinitazama nianze kulia. Nililia Jumapili hizo mpaka nikapata umahiri.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Kipsigis aliyekuwa akichungia ng'ombe kandokando ya uwanda ule. Mume wangu alimtaka awe mwenyeji anayewapa maziwa wasafiri njiani. Mzee alikubali kwa sharti kwamba ng'ombe wake mwekundu naye aingie kwenye picha. Akatuambia tuwe na adabu, kwa sababu pale tulipojenga boma letu la uongo palikuwa malisho ya baba yake, ya kweli. "Ninyi watu wa ziwa," alisema, "mnapenda wafu wenu kuliko walio hai." Tulicheka. Leo namkumbuka bila kucheka.

Bwana mdogo alipita siku moja na farasi wake, akatazama, akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akamwambia mume wangu kwamba ataleta kamera yake mwenyewe na kuipiga picha yote, mwanzo hadi mwisho. Mume wangu alirudi nyumbani mbio. Alinishika mabega akasema picha itaonyeshwa Kericho, itaonyeshwa Kisumu, itapelekwa mpaka kijijini kwetu. Usiku huo huo akamwandikia mama yake barua. Hakumwambia nakuja tumzike ndugu yangu. Alimwambia: njoo wewe, na uje na yago.

Mama alishuka kwenye treni Kipkelion. Nilikwenda kumpokea kwa lori la kampuni lililokuwa likipeleka masanduku. Alikuwa amelifunga yago kwa shuka nyeupe mgongoni, anavyobebwa mtoto, na alikataa kumpa mtu yeyote alishike. Kwetu ni mwiko mzazi kulala katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, kwa hiyo nilimwombea malazi kwa jirani yetu, mama mmoja wa Kisii, mjane mwenye moyo mzuri. Mama hakupumzika hata kidogo. Alimwita mwanawe nje akamwambia, "Nimekuja kukuchukua. Kesho tunarudi wote."

"Mama, tutamzika hapa Jumapili."

"Hapa ni wapi?"

Mume wangu akaanza kueleza. Alieleza kwa mikono, kwa fimbo, akaleta na mbao zake. Mama alizitazama zote kwa utaratibu, akazirudisha. "Hii ni nchi ya wenyewe," alisema. "Mwanangu simwachi kwa watu. Nimefagia mahali pake."

Walibishana siku mbili. Na sasa nitasema jambo ambalo wageni wangu hawaniulizi. Aliyemshinda Mama si mume wangu. Ni mimi. Siku ya tatu tulikuwa shambani, yeye amejishikia jembe langu akisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mimi nikamwambia, "Mama, si unajua barua? Mtu anaandika huku, inasomwa kule. Picha ni hivyo hivyo. Lile boma la uongo, watu wa nyumbani wakiliona kwenye shuka wataona ni dala yetu, boma letu la nyumbani. Kijiji kizima kitamwona akiingia langoni. Atakuwa amefika." Nilikuwa naamini. Naapa nilikuwa naamini. Mama alilima mstari mzima, kisha akauliza, "Na mimi nitamwona?" Nikamwambia utamwona.

Jumapili ile bwana mdogo alikuja kama alivyoahidi. Alifunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akazungusha ufunguo, ikalia krrr, krrr. Mume wangu alivaa kanzu ya kanisani. Hakuwahi kuwa mzuri hivyo, wala hakuwa tena. Kila mtu alifanya kama alivyofundishwa. Ng'ombe mwekundu alipita. Kisha wale wanne wakaingia langoni na yago, na Mama akasimama pale, na mume wangu akanitazama. Nililia. Lakini Mama hakuwa akiigiza. Alimwita mwanawe kwa jina, lile jina la utoto alilompa yeye peke yake, akauliza mbona umechelewa hivi. Wanaume wazima walianguka chini. Mume wangu alipiga jembe la kwanza, vijana wakachimba, yago likalazwa upande wa kulia, na Mama akalifunika udongo kwa mikono yake. Krrr, krrr, kamera ikaendelea kulia. Bwana mdogo aliinua kofia akaenda zake kunywa chai.

Picha imepelekwa kusafishwa, tukaambiwa. Itachukua muda. Mama akasema hataondoka mpaka aione. Alikaa wiki sita kwa yule mama wa Kisii, akiteka maji na kuchambua mboga, na kila jioni aliuliza imerudi? Mume wangu alikuwa akitembea kwenye laini kama chifu. Alikuwa ameanza kuchora mbao za picha ya pili.

Siku ya sinema ilipofika Mama alioga mchana, akajipaka mafuta, akaketi mbele kabisa, na watu wakamwachia nafasi pande zote. Mume wangu alisimama kando ya shuka na fimbo yake. Alitoa hotuba fupi. Alisema leo mtajiona. Mashine ikawaka.

Tuliona mto. Tulimwona bwana mdogo amesimama ndani ya maji na viatu virefu, anavuta kamba. Anavuta, anavuta, anatoa samaki wa kiganja kimoja. Akamwinua juu akacheka. Halafu tukaona mbwa wake. Halafu mto tena, samaki mwingine, mdogo kuliko wa kwanza. Halafu mwanamke wa Kizungu kwenye veranda akimimina chai. Halafu shuka likawa jeupe.

Yawa! Sisi watu wa ziwa, tuliozaliwa kwenye magamba ya samaki, tuketi kwenye umande kutazama kidagaa! Watu walianza kucheka, hawakujua la kufanya. Mama hakucheka. Aligeuka akaniuliza mimi, si mwanawe, mimi, kwa sauti ya kawaida tu, "Huyu ni nani anayevua samaki kwenye kaburi la mwanangu?"

Asubuhi sikumngoja mume wangu. Nilimshika Mama mkono tukapanda mpaka kwenye nyumba ya bwana mdogo. Mpishi alitaka kutuzuia, nikamwambia nisogelee uone. Bwana mdogo alitoka na kikombe mkononi. Nilimwuliza picha yetu iko wapi. Hakuficha, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, hakuona kitu cha kuficha.

"Ile picha? Hapana kuwa filamu ndani," alisema. "Filamu yote nakwisha kwa samaki. Kamera iko tupu. Lakini nyinyi nafurahi, hapana? Watu nacheza vizuri sana. Mimi nafurahi, nyinyi nafurahi. Iko shauri gani?"

Nilimtafsiria Mama. Sikupunguza neno. Mama akaniambia kwa Kijaluo, "Mwulize kama mama yake yuko hai." Nikamwuliza. Akasema ndiyo, yuko hai, yuko Ulaya, kwa nini? Mama akasema basi, akageuka, tukashuka.

Mnadhani nilimkasirikia Mzungu? Nilimkasirikia, ndiyo, na hasira ile bado ninayo, naitunza vizuri. Lakini ngojeni. Tulipofika nyumbani mume wangu alikuwa ameketi kati ya mbao zake. Nilimweleza. Alishika kichwa. Nikafikiri sasa atalia, sasa ataomba mama yake msamaha, atakuwa mtoto wa mtu. Akainua uso akasema, "Ataagiza filamu nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini tunaweza kuteka mengine. Tutaanza upya. Na safari hii, Mama, ukifika langoni usimame kushoto kidogo, maana ng'ombe alikuziba."

Usimame kushoto kidogo! Kwa mama yake!

Mama alimjibu polepole. "Mwanangu amezikwa," alisema. "Nimemfunika mwenyewe. Ninyi mlikuwa mnacheza, mimi nilikuwa nazika. Nani humzika mtu mara ya pili ili sanduku la picha lishibe?" Mume wangu akasema basi tuchimbe tulitoe yago, twende nalo nyumbani. Mama akasema huyo si mhogo. Akaingia kwa yule mama wa Kisii akafunga mzigo wake.

Jioni ile nilipika ugali kwa mbao za mume wangu. Nilianza na wanaume wanaoaga, nikaendelea na mlima, na kipande, na kikohozi. Mbao za sanduku la chai zinawaka vizuri, hazina moshi. Yeye alisimama mlangoni akitazama wala hakunizuia, na mimi nilitaka anizuie, nilitaka tupigane. Ule wa mwisho, wa mama langoni, niliushika kidogo. Kisha nao nikautia, kwa sababu sufuria ilikuwa bado haijachemka. Watu husema nilichoma kazi ya maisha yake. Mimi nasema nilipika chakula, na alikula.

Nilimsindikiza Mama Kipkelion. Alipanda treni mgongo mtupu. Kabla haijaondoka aliniambia kupitia dirishani, "Wakiniuliza kama nimemzika mwanangu, nitasema nimemzika. Wakiniuliza ni wapi, hilo nitawaachia ninyi mlijibu." Hakusema kwa ukali. Angeninyeshea matusi ningefurahi.

Mwaka uliofuata kampuni ilibomoa boma la uongo ikapanda chai uwanda mzima. Mzee wa Kipsigis na ng'ombe wake walifukuzwa kutoka kandokando ya kijito. Miche ilipokua nilipangiwa kuchuma mistari ile ile. Nilimwambia nyapara siwezi, nimemzika shemeji yangu pale. Akasema shemeji yako yuko nyuma ya msitu wa kuni, mimi mwenyewe ndiye niliyemchimbia. Nikatupa kapu nikaondoka, wakanihamishia shamba lingine. Wengine walichuma. Mahali fulani watu waliinywa chai ile, wakaongeza na sukari.

Filamu nyingine haikuagizwa. Bwana mdogo alirudi kwao. Mume wangu aliendelea kutembea na fremu yake ya mianzi, akiitazama dunia kwa jicho moja, akimweleza kila aliyekuwa na masikio picha itakavyokuwa. Hata Mama alipokufa, miaka kadhaa baadaye, mume wangu alikuwa nayo ndani ya mzigo tulipofika nyumbani kwenye matanga. Niliiona.

Wazee walikuja kuonyesha mahali pa kaburi la Mama. Kando ya nyumba yake palikuwa na sehemu ile, imefagiwa, haina jani hata moja. Majirani walisema alikuwa akiifagia kila asubuhi mpaka wiki aliyolala asiamke. Mzee mmoja, mdogo wa baba mkwe wangu, akasimama hapo na fimbo yake akauliza, "Hapa ni pa nani?"

Akapagusa pale kwa ncha ya fimbo.

"Yule kijana aliyefia kwenye chai. Alizikwa?"

"Alizikwa," mume wangu alisema.

"Wapi?"

Mume wangu, mwenye mdomo, aliyeeleza choo watu wakalia, alinigeukia akanitazama. Niliujua ule utazamaji. Alikuwa akinitazama vile vile kila Jumapili kwenye uwanda ule, na nikitazamwa hivyo nilikuwa naanza kulia, na kilio kinafunika kila kitu.

Sikulia. Nilisema, "Yuko Kericho, chini ya chai ya watu. Mama alimzika huko kwa sababu tulimwahidi picha itamleta hapa. Mimi ndiye niliyemwahidi, kwa mdomo wangu huu, na jembe la kwanza alipiga huyu."

Mzee alitutazama sote wawili. "Na hiyo picha," aliuliza, "iko wapi?"

Nikamnyooshea mume wangu kidole mbele ya ukoo mzima. "Mwulizeni mwenyewe."

Tulingoja. Mzee akatikisa kichwa, akawaambia vijana washike majembe, na wakaanza kuchimba kaburi la Mama kando ya mahali pale patupu.